Seti za matofali za hadithi za kale: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Kila ikitoka seti mpya ya matofali ya kujenga yenye mambo ya hadithi za kale, yaani kasri, mbwa mwitu, binti mfalme, jitu, maneno ni yale yale. Ni ya watoto wadogo hiyo, ni ya wasichana, vipande vichache bei kubwa, ukishaijenga imeisha. Leo nayachukua haya maneno moja moja, na mfano wangu mkubwa utakuwa seti moja ninayoipenda sana, Pop-up Book ya LEGO namba 21315 iliyotoka Novemba 2018, kwa sababu karibu kila kosa ambalo watu wanafanya wakizipima seti za aina hii linaonekana pale. Kwa asiyeijua: ni kitabu cha matofali, vipande 859, ukikifungua mandhari inainuka yenyewe kutoka ndani, ukikifunga inalala. Ndani ya boksi mna hadithi mbili, ya binti wa kofia nyekundu anayekutana na mbwa mwitu nyumbani kwa bibi yake, na ya Jack na mharagwe uliopanda mpaka mawinguni kwenye kasri la jitu, unatoa moja unaweka nyingine.

"Vipande 859 tu kwa dola 70? Bora kasri la maana."

Hii ndo naisikia zaidi na ndo inaniuma zaidi, kwa hiyo nianze nayo. Chukua kasri la Disney la 2016, namba 71040, lina vipande 4,080 na lilikuwa linauzwa dola 350 kule Marekani. Gawanya mwenyewe: kasri linakuja kama senti 8 na nusu kila kipande, kitabu ni senti 8 na kidogo. Kwa hiyo hata kwa kipimo hichohicho wanachokitumia hao wanaolalamika, kitabu hakijazidi, kimepungua kidogo. Lakini mimi nasema kipimo chenyewe hakifai. Kipande kinaweza kuwa kitone cha kubandika kwenye dirisha au kinaweza kuwa bamba zima la sakafu, na vyote vinahesabiwa kimoja, sasa hapo umejua nini kuhusu seti? Seti ya hadithi mimi naipima kwa inavyosimulia. Ukishamaliza kuijenga, mtu akiishika kuna kitu kinatokea au inakaa tu kabatini? Lile kasri la sentimita 74 ni zuri kweli, sikatai, ila mtoto hawezi kulibeba akaenda nalo sebuleni kumsimulia mdogo wake. Kitabu anakibeba, anakifungua, nyumba ya bibi inasimama, na hadithi imeshaanza hata hajasema neno.

Na kuna jambo kwenye hiyo hadithi ya Jack ambalo watu wengi wanalipita wakidhani ni ubahili wa kampuni. Wanasema jitu gani hili, mbona saizi yake ni kijitu cha kawaida tu? Ni kweli, jitu la kwenye seti hii ni kijitu cha kawaida cha LEGO, umbo lilelile linalotumika tangu 1978. Kilichobadilishwa ni vitu vingine vyote. Jack ametengenezwa kuwa kidude kidogo kisichozidi nusu ya kidole, kijiji kimejengwa kidogo, kasri nalo dogo, ndo maana ukimweka yule kijitu wa kawaida hapo juu anakuwa jitu bila kubadilishwa chochote mwilini. Mimi naona huo ni usimuliaji wa hali ya juu sana, kwa sababu mtoto anajifunza kwa macho yake kwamba ukubwa ni suala la nani kasimama jirani yako, na hakuna aliyemwambia. Yaani waliofanya vile walikuwa wanafikiria hadithi kwanza halafu plastiki baadaye.

Hapo hapo niseme: watu wanadhani seti hii ilitungwa ofisini kwa LEGO, Billund kule Denmark. Wazo lilitoka kwa mashabiki wawili, Jason Allemann na Grant Davis, wakalipeleka kwenye mpango wa LEGO Ideas ambako wazo lazima lipate kura 10,000 za watu wa kawaida ndipo kampuni ikae kulijadili. Likipita, wabunifu wa kampuni wanalifanyia marekebisho liweze kuuzwa, na mwenye wazo anapata asilimia 1 ya mauzo. Huyo Allemann ni mtu wa mitambo, ndiye aliyebuni na ile seti ya Maze ya 2016, unazungusha vitasa viwili goroli inapita kwenye njia zake, kwa hiyo ukiona nyumba inainuka bila kukwama usishangae.

"Hadithi wameiharibu, mwindaji yuko wapi?"

Ni kweli hayumo. Kwenye boksi kuna bibi, binti, mbwa mwitu, jitu na Jack. Lakini anayesema bila mwindaji hadithi siyo ya kweli anaijua hadithi ya ndugu Grimm tu, ile ya Ujerumani iliyochapwa 1812, ambamo mwindaji anampasua mbwa mwitu tumbo bibi na mjukuu wakatoka wazima. Miaka zaidi ya 100 kabla, mwaka 1697, Charles Perrault aliichapa Ufaransa na kwake hakuna mwindaji kabisa, mbwa mwitu anamla bibi, anamla na mtoto, hadithi inaishia hapo. Jack naye hivyohivyo, kitabu kilichochapwa London na Benjamin Tabart mwaka 1807 kina malaika wa kichawi anayemweleza Jack kwamba jitu ndilo lilimuua baba yake, kwa hiyo akiiba mali anachukua haki yake, ila Joseph Jacobs alipoiandika 1890 hicho kipande hakuna, Jack anapanda anachukua basi. Sisi tuliokua na sungura na fisi tunalijua hili vizuri, kila bibi ana mwisho wake. Sasa seti kumuacha mwindaji nje naona imekaa vizuri sana, inamlazimisha anayecheza aamue binti anaponaje kwa mbwa mwitu, na nakuhakikishia watoto wana njia nyingi kuliko Grimm.

Makasri nayo yana dhana yake. Watu wakiona kasri lenye minara myembamba wanaamini ni nakala ya jumba la wafalme wa zamani kabisa, enzi za mashujaa wenye deraya na farasi. Kasri la seti ile ya 2016 limefuata jengo la Cinderella lililoko Walt Disney World, Florida, lililofunguliwa 1971. Na hata Neuschwanstein ya Bavaria, ambayo watu wote wanaitaja kama ndo kasri lenyewe la hadithi, ujenzi wake ulianza 1869, mfalme Ludwig wa Pili alijenga ndoto yake wakati treni zinapita Ulaya nzima. LEGO wameitoa nayo mwaka 2024 yenye vipande 3,455. Kwa hiyo ukisoma tathmini inayosema seti fulani "haina uhalisia wa kihistoria" jiulize uhalisia wa historia ipi.

Kuhusu "ni za wasichana". Chanzo chake kinaeleweka, seti nyingi za mabinti wafalme tangu 2014 zinatumia vile vidoli vyembamba vilivyokuja na LEGO Friends mwaka 2012, na maduka yanazipanga upande wa pinki. Ila hadithi za kale hazijawahi kuwa na jinsia, jitu linamkimbiza mtu yeyote, na kitabu hiki kimetumia vijitu vya kawaida kwa kila aliyemo kasoro Jack. Hapo tathmini inabidi iseme kitu cha maana badala ya rangi: kijitu cha kawaida kinapiga hatua, mguu mmoja mbele mwingine nyuma, na viganja vinazunguka. Kidoli chembamba miguu yake inasogea kwa pamoja na viganja havizunguki, ingawa uso na nywele vina mvuto wake. Anayetaka kuigiza mbwa mwitu akimfukuza mtu ataiona tofauti mara moja.

"Isiyokuwa LEGO ni feki." Na mwenzake: "LEGO ndo walivumbua tofali." Yote mawili hayako sawa. Mwingereza Hilary Fisher Page wa Kiddicraft alikuwa na matofali ya plastiki ya kushikana kabla, na LEGO walipotoa ya kwao 1949 walifuata muundo wake. Walichokiongeza wao, na ni kikubwa, ni ile mirija ya ndani chini ya tofali inayofanya lishike kwa nguvu, hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ni ya tarehe 28 Januari 1958, na tofali la mwaka huo linashika na la leo. Hataza hiyo imekwisha muda, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema umbo la tofali haliwezi kumilikiwa kama alama ya biashara. Kwa hiyo kampuni kama Cobi au Mega wanatengeneza matofali yanayoshikana na ya LEGO na hawajavunja sheria yoyote. Feki ni yule anayechukua seti nzima, picha ya boksi, kitabu cha maelekezo, vijitu, akavitoa kama vyake. Kwetu neno lego limeshakuwa jina la tofali lolote la plastiki, kwa hiyo ukinunua chungulia vinundu vya juu, la kwao lina jina LEGO kwenye kila kinundu. Na kwenye seti ya kufunguka na kujikunja ubora una maana kuliko kwenye kasri la kusimama tu, maana kila ukifungua viungo vinavutwa, tofali likilegea kidogo nyumba ya bibi inainuka upande mmoja.

Vipande vilivyobaki mwishoni havimaanishi umekosea, jamani. Vile vidogo kabisa wanaweka vya ziada makusudi kwa sababu mizani ya kiwandani haivipimi vizuri. Endelea na maisha.

Ile 12+ kwenye boksi nayo inachanganywa na onyo la chini ya miaka 3. Onyo la miaka 3 ni la usalama, kipande kidogo kinaweza kumkaba mtoto, hapo hakuna mjadala, mdogo mnunulie Duplo, matofali makubwa ya LEGO ya watoto wadogo, ambayo ipo tangu 1969 na tofali lake ni mara mbili kila upande. Ile 12+ inasema tu ujenzi una hatua ngumu. Mtoto wa miaka 8 aliyezoea akikaa na mama yake au mjomba atajenga vizuri tu, na kucheza ataweza hata wa miaka 5 mkiwa mmekaa naye.

Sasa hii ya "ukifuata maelekezo unaua ubunifu, ukimaliza imeisha". Matofali sita tu ya vinundu nane, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765, kwa hiyo mwenye vipande 859 hajamaliza kitu. Ila sitaki kujificha nyuma ya hiyo namba kubwa, maana kuna seti ambazo kweli ukizimaliza hakuna pa kuingilia, zimejibana kila upande. Kitabu hiki hakiko hivyo. Ukiitoa ile mandhari ya ndani unabaki na jalada na nafasi tupu, na hiyo nafasi ndo sababu kubwa ya mimi kuipa seti hii alama za juu. Weka pwani, weka mwembe, weka mamba na yule tumbili aliyesema moyo wake kauacha nyumbani, ukifungua unasema paukwa wanakujibu pakawa. Maelekezo yamekufundisha bawaba inavyofanya kazi, kinachobaki ni kupima urefu, maana chochote kirefu kuliko nafasi ya jalada kitagonga ukifunga, kwa hiyo vitu virefu vilaze kwenye bawaba na vifupi viache vimesimama. Kasoro yake ninayoiona mimi: hadithi moja tu ndo inakaa ndani kwa wakati mmoja, ya pili inabaki nje kabatini ikila vumbi, wangeweka hata kijisanduku.

La mwisho ni hela. "Nunua uifungie, ni uwekezaji." Watafiti wa Higher School of Economics ya Urusi waliangalia seti 2,322 za mwaka 1987 hadi 2015, wakakuta kwa wastani zilizoacha kutengenezwa zinapanda kama asilimia 11 kwa mwaka. Hapo watu wanaacha kusoma. Utafiti huohuo unasema nyingine zilipoteza hadi nusu ya thamani kwa mwaka na nyingine zikapanda hadi asilimia 600, na anayekuuzia hajui yako itaangukia wapi. Kitabu hiki kimeshaacha kutengenezwa, cha boksi lililofungwa kina bei yake, kwa hiyo mimi nashauri kilichotumika. Maelekezo ni ya bure mtandaoni kwa PDF, vipande vilivyopotea vinapatikana kimoja kimoja BrickLink, soko ambalo LEGO wenyewe walilinunua 2019. Kioshe kwa mkono, maji yasizidi nyuzi 40 na sabuni laini, kisiingie mashine ya kufulia wala kuanikwa juani kwa sababu mwanga wa jua unageuza plastiki nyeupe kuwa njano. Kabla hujatuma hela omba video ya muuzaji akikifungua na kukifunga, angalia kama nyumba inainuka sawa pande zote, na umuulize Jack yupo, maana kwa udogo ule ndo wa kwanza kupotea na boksi zima bila yeye lile jitu ni mtu wa kawaida tu.