Mti mkubwa hauelezi hali ya msitu: dhana potofu kuhusu misitu iliyokatwa vipande

Ukiitazama milima ya Usambara Mashariki kutoka juu, utaona msitu, kisha mashamba ya chai, kisha kipande cha msitu, kijiji, halafu msitu tena. Kila kipande kina miti mirefu inayochanua msimu ukifika. Ni rahisi kudhani mambo ni shwari.

Dhana: Miti mikubwa ikiwepo, msitu uko salama.

Mti mkubwa ni ushahidi wa zamani. Wenye miaka mia moja uliota wakati msitu ulikuwa bado mmoja. Habari za leo ziulizwe kwa miche. Katika msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, watafiti walilinganisha jeni (chembe za urithi) za mwiria (*Prunus africana*, ule ambao gome lake husakwa kwa dawa ya tezi dume) na jeni za miche yake. Miche ilikuwa na utofauti mdogo wa jeni kuliko miti mikubwa. Pengo lenyewe halikuwa kubwa, lakini linaonyesha mambo yanakoelekea.

Chukua kipande chenye miti kumi ya aina moja. Miwili ikikatwa, jeni zilizokuwa kwenye ile miwili peke yake zimekwenda, hata kama minane iliyobaki itaangusha maelfu ya mbegu. Na katika idadi ndogo namna hiyo si lazima shoka lipite: bahati tu ya nani kazaa na nani hakuzaa hufuta jeni adimu, kizazi baada ya kizazi.

Dhana: Maua yakichanua, mbegu zitakuja tu.

Miti mingi ya misitu ya kitropiki hukataa chavua yake yenyewe, yaani unga wa kiume wa maua yake. Chavua hutua juu ya ua, lakini mrija wake huzuiwa kabla haujalifikia yai. Inatakiwa chavua ya mti mwingine, tena usio ndugu wa karibu. Kwenye kipande kidogo majirani wengi ni ndugu. Mimea inayokubali chavua yake huzaa, ila mara nyingi mbegu huwa hafifu na miche hufa mapema. Kuhesabu maua peke yake ni sawa na kuhesabu harusi bila kuuliza habari za watoto.

Dhana: Tatizo ni nyuki kupungua.

Hiyo ni nusu ya habari. Mwaka 2003 Norbert Cordeiro na Henry Howe walichapisha utafiti wao wa Usambara Mashariki kuhusu *Leptonychia usambarensis*, mti wa huko ambao mbegu zake hubebwa na ndege. Katika vipande vidogo ndege hao walikuwa wachache, mbegu chache zaidi zilichukuliwa, na miche ilisongamana chini ya mti mama huku mbali kukiwa na michache. Tazama kinachofuata: ndugu wanakua bega kwa bega, na wakikomaa watachavushana wao kwa wao. Uchavushaji unaweza kuwa mzuri kabisa na bado jeni zikabaki palepale.

Dhana: Mti uliobaki peke yake shambani umekwisha.

Mwanaikolojia Daniel Janzen aliiita miti ya namna hiyo wafu walio hai. Nadhani alitoa hukumu mapema mno. Nchini Honduras, mti mmoja wa *Swietenia humilis*, jamii ya mkangazi, uliotengwa na wenzake ulikutwa ukipata chavua kutoka zaidi ya kilomita 4.5. Mkuyu ndio kiboko: kando ya mto Ugab, Namibia, nyigu wake wadogo, wanaoishi chini ya siku mbili, hupeperushwa na upepo na kufikisha chavua hadi kilomita 160.

Lakini mti wa shambani ukifanikiwa kupita kiasi, nalo ni tatizo. Costa Rica, miti michache ya *Symphonia globulifera* iliyoachwa malishoni ilikutwa ndiyo mzazi wa sehemu kubwa ya miche iliyokuwa ndani ya vipande vya msitu. Miche ilikuwa tele, wazazi wachache. Aina hiyohiyo inaota Uganda pia.

Dhana: Kipande kidogo hakina faida, bora kifyekwe.

Waulize Wamijikenda. Kaya zao, yaani misitu yao mitakatifu ya pwani ya Kenya, nyingi ni vipande vidogo, na bado zimehifadhi mimea iliyokwisha kutoweka kwenye mashamba yaliyozizunguka.

Dhana: Tukipanda miti mingi, pengo litazibika.

Inategemea mbegu zimetoka wapi. Vitalu vingi huokota chini ya mti ulio karibu na barabara, kwa sababu ndio unaofikika, kisha miche elfu ya mama mmoja inapelekwa mlimani. Wataalamu wa mbegu hushauri kukusanya kutoka miti mama isiyopungua 30, iliyoachana mita 50 au zaidi, na kuzichanganya kabla ya kusia. Kwa mwiria hiyo huweza kumaanisha kuzunguka vipande kadhaa vya msitu. Tena mbegu zake hazivumilii kukaa ghalani, kwa hiyo safari hiyo ifuate matunda yanapoiva, siyo tarehe ya mgeni rasmi.