Je, wajua kwa nini mwendo wa mzee hueleza afya yake kuliko umri wake?

Mzee akionekana mjini Moshi anapanda polepole kutoka sokoni, wengi husema ni umri tu, kisha kwa nia njema kabisa humpokonya jembe na kumtaka apumzike. Dhana hiyo ina makosa mawili. Kwanza, wazee wawili wa miaka 80 wanaoishi katika kihamba kimoja, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, wanaweza kutofautiana sana, mmoja akiteremka kila siku kukata majani ya ng'ombe, mwingine akishindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono. Mwaka 2001, mtafiti Linda Fried na wenzake nchini Marekani waliutambulisha udhaifu wa uzeeni kwa dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mshiko hafifu wa mkono, mwendo wa polepole na kupungua kwa shughuli. Mwenye dalili tatu au zaidi huhesabiwa kuwa dhaifu, na umri haumo kabisa katika orodha hiyo.

Kosa la pili, lililo zito zaidi, ni kudhani kwamba pumziko humhifadhi mzee. Misuli hubomolewa na kujengwa kila siku, na ikikosa kazi ujenzi hupungua, ilhali uwezo wa mzee wa kuirudisha ni mdogo kuliko wa kijana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani kwa siku 10 walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Kwa hiyo anayemzuia mama yake kuchota hata ndoo ndogo ya maji humwondolea kile kinachomwezesha kusimama.

Kwa nini basi mwendo ufichue mengi hivyo? Fikiria mfereji unaoshuka kutoka mlimani hadi shamba la chini. Maji yakifika machache, mwenye shamba hajui bado kama chanzo kimekauka, ukuta umebomoka au majani yameziba, lakini anajua kwamba juu kuna tatizo. Kutembea nako hutegemea moyo, mapafu, damu, macho, neva, viungo na misuli kwa wakati mmoja, hivyo hitilafu ya kimojawapo hupunguza mwendo, na hitilafu ndogo kadhaa hujumlishwa hapo hata kama hakuna iliyopata jina la ugonjwa.

Mwaka 2011, watafiti waliunganisha takwimu za watu zaidi ya 34,000 wenye miaka 65 na kuendelea, wakaona kwamba waliotembea kwa kasi zaidi waliishi zaidi. Hata hivyo, karibu wote walikuwa wakazi wa Marekani, na uhusiano huo hauthibitishi kwamba kumharakisha mzee kutamwongezea miaka.

Kipimo chenyewe ni rahisi kwa namna ya kushangaza: mita 4 zilizowekewa alama ya chaki kwenye sakafu tambarare, si kwenye mteremko, na saa ya kuhesabu sekunde. Mzee hutembea mwendo wake wa kawaida, na kama hutumia mkongojo aachwe autumie. Anayezidi sekunde 5 yuko chini ya mita 0.8 kwa sekunde, kiwango ambacho wataalamu wengi hukichukulia kuwa cha kufuatiliwa.

La kufuatilia zaidi ni badiliko. Mzee aliyepunguza mwendo ndani ya miezi michache apelekwe kituo cha afya akiwa na dawa zake zote mkononi, kwa maana upungufu wa damu, mtoto wa jicho, maumivu ya goti au dawa ya presha iliyozidi kipimo ni mambo yanayotibika.