Msaidizi wa mwalimu si yaya

Watu wengi bado wanaamini ati kumsaidia mtoto mwenye mahitaji maalum darasani hakuhitaji masomo, ni huruma tu na kupenda watoto. Hapana jamani. Huruma bila mafunzo ndio inamfanya msaidizi amvalishe mtoto viatu, amshikie penseli, amjibie swali la ticha, na mwisho wa mwaka mtoto hajui kufanya chochote mwenyewe.

Kwenye mafunzo unafundishwa kungoja, na hii ndio ngumu kuliko zote. Mfano mtoto anajifunza kuandika herufi a, siku za kwanza unamshika mkono wote, baadaye kifundo cha mkono tu, halafu unagusa kiwiko, halafu unaonyesha kwa kidole, kisha unanyamaza unahesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Kuna pia lugha ya alama, Braille (maandishi ya nukta ya wasioona), na kujua la kufanya akishikwa na kifafa: mlaze ubavu, na usimtie kijiko mdomoni kabisa!

Hapa Kenya kuna KISE, yaani Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, kule Kasarani, Nairobi, inafundisha elimu maalum tangu 1986, Tanzania kuna chuo cha Patandi huko Arusha, kwa hivyo waulize kozi zao.