Baada ya chuo: yanayosemwa kuhusu kazi na marafiki, na hali ilivyo

Chuoni, ratiba ilikukutanisha na watu wale wale kila wiki na kukupangia la kufanya kesho. Ukihitimu, kazi zote mbili zinabaki mikononi mwako. Kulisahau hilo ndiko kunakozaa dhana nyingi zifuatazo.

Dhana: Kazi huja kupitia marafiki wa karibu.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo yake kuhusu watu waliobadili kazi. Miongoni mwa waliopata kazi kwa kupitia mtu wanayemfahamu, takribani 17 tu katika kila 100 walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Waliobaki walikuwa wakikutana naye mara mojamoja au kwa nadra. Haishangazi: rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua, na nafasi aliyoisikia nawe umeshaisikia.

Kwa hiyo andika majina 30 ya watu unaowafahamu juu juu: waliokutangulia miaka miwili au mitatu, msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, mwenzako wa kikundi cha semina. Waandikie wawili kila wiki. Wengi hukosea kwa kuanza na "naomba kazi". Asiye na kazi ya kutoa hana la kujibu, na mazungumzo yanafia hapo. Omba kitu anachoweza kutoa:

"Habari za kazi, dada. Tulisoma kitivo kimoja, wewe ulinitangulia. Nimeona uko kwenye ukaguzi wa hesabu. Naomba dakika 15 za simu wiki hii au ijayo nikuulize mnaangalia nini kwa waombaji wapya."

Usiambatanishe wasifu kazi mpaka auombe. Baada ya simu, shukuru siku hiyo hiyo. Baada ya mwezi, mweleze ushauri wake umeufanyia nini. Hatua hii ya mwisho huachwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo humfanya akukumbuke nafasi ikitokea.

Dhana: Marafiki wapya watakuja wenyewe.

Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba mtu unayemfahamu tu huwa rafiki wa kawaida baada ya saa 50 hivi za kuwa pamoja, rafiki kamili baada ya saa 90, na wa karibu baada ya zaidi ya 200. Piga hesabu. Bwenini, saa 10 kwa wiki zinafikisha 50 ndani ya wiki tano. Ukiwa kazini na kupata saa mbili kwa wiki, utahitaji wiki 25. Anayelalamika mwezi wa tatu kwamba mji mpya hauna watu bado yuko nusu ya njia.

Tafuta shughuli yenye siku maalumu na watu wale wale: kwaya, timu, darasa la lugha. Tamasha la siku moja halisaidii sana. Na "tutatafutana" ndiyo kauli inayoua urafiki mwingi. Kabla ya kuagana, tajeni siku.

Dhana: Wafanyakazi wenzako wanatosha.

Hall aliona pia kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazijengi urafiki kama zile za mapumziko. Isitoshe, ukiacha kazi unawapoteza wote kwa mkupuo.

Dhana: Kazi ya kwanza lazima ilingane na shahada.

Si lazima. Jiulize tu baada ya mwaka utakuwa na kitu gani cha kuonyesha.

Dhana: Ukijadili mshahara utanyimwa nafasi.

Wakati ndio wenye uzito: baada ya kupewa ofa kwa maandishi, kabla ya kutia sahihi. Uliza kwanza kama kiasi kilichotajwa ni kabla ya makato au ndicho kitakachoingia mkononi. Wengi hugundua tofauti siku ya mshahara wa kwanza. Taja kiasi kimoja na sababu yake. Wakisema viwango havibadiliki, omba tarehe ya kuupitia upya, nayo iandikwe.

Dhana: Bosi akikaa kimya, mambo ni shwari.

Huenda hajapata muda, au anaona aibu kukukosoa. Wiki ya nne ya kipindi cha majaribio, mwombe dakika 10 umuulize: nini nikiendeleze, nini nikibadilishe? Majibu yake mtumie kwa baruapepe siku hiyo hiyo, ili siku ya tathmini nyote muwe na maandishi mamoja.