Rubli moja, benki kuu 15

Kila nikisikia mtu anasema ipeni benki kuu uhuru na mfumuko wa bei utaisha wenyewe, namkumbuka Viktor Gerashchenko. Huyu mzee alishika Benki Kuu ya Urusi Julai 1992, na kwa sheria ya wakati ule benki haikuwa chini ya serikali hata kidogo, iliwajibika kwa bunge, Rais Yeltsin na mawaziri wake hawakuwa na la kuifanya. Sasa uhuru wote huo akautumiaje? Akamwaga mikopo viwandani! Mwaka 1992 bei zikapanda kwa kama asilimia 2,500, na 1993 waziri wa fedha Boris Fyodorov analalamika, yeye huyo anaendelea.

Ila msimtukane kwanza, angalieni alikotokea. Gosbank ya Wasovyeti ilikuwa benki kuu kwa jina tu, kazi yake hasa ilikuwa kuandika hesabu za mpango wa serikali: kiwanda kimepangiwa kuzalisha kiasi fulani, basi hela inakifuata. Na hela zenyewe zilikuwa za aina mbili, keshi ya mishahara, halafu hela ya kwenye vitabu ambayo viwanda vililipana vyenyewe kwa vyenyewe. Katikati ya 1992 viwanda vikawa vinadaiana matrilioni ya rubli, na mtu aliyelelewa na mfumo ule haoni kwanini kiwanda kife eti kwa sababu ya karatasi. Wabunge wengi nao walikuwa upande wa wakurugenzi wa viwanda. Hapo unategemea nini?

Lakini mkanganyiko mkubwa ulikuwa wa rubli yenyewe. Nchi ya Wasovyeti ilivunjika Desemba 1991, hela haikuvunjika. Yale matawi ya Gosbank kwenye jamhuri yakaamka yamekuwa benki kuu, 15 kwa jumla, zote zinatumia rubli. Mashine za noti ziko Urusi peke yake, kwahiyo keshi ilitoka Moscow, ila mikopo ya vitabuni kila mmoja aliweza kuandika mwenyewe. Yaani ni ndugu 15 wanakopa kwa Mangi kwenye daftari moja, ukijibana wewe wenzako wanakula na deni mnalipa wote, nani ajibane? (Hii ndo sababu itifaki ya sarafu moja ya Afrika Mashariki ya 2013 inataka iwepo benki kuu moja ya pamoja, na ndo pia ugomvi utakapokuwa.)

Estonia, mmoja wa hao 15, hawakusubiri. Juni 20, 1992 wakaanza kubadilisha: kila mkazi rubli 1,500 tu, kwa rubli 10 kupata kroni 1, mwisho wa siku una kroni 150 mkononi. Kroni 8 zikafungwa kwa maki 1 ya Ujerumani, na benki kuu yao, Eesti Pank, chini ya Siim Kallas ikakatazwa kuikopesha serikali. Miezi michache baadaye benki kubwa ya biashara ya Tartu ikayumba, wakaiacha ife, na wenye amana zao wakaumia kweli. Wanaoisifia Estonia huwa wanairuka hii sehemu.

Moscow wao walifunga mlango kwa fujo. Jumamosi Julai 24, 1993, watu wengi wako likizo, tangazo: noti zote za kabla ya 1993 mwisho wake umefika, mwisho kubadilisha rubli 35,000. Foleni na hasira zikawa kubwa mpaka Yeltsin akapandisha kiwango kuwa 100,000 na kuongeza muda. Nchi zilizobaki na noti za zamani zikajikuta zimekwama, Kazakhstan ikatoa hela yake, tenge, Novemba 15 mwaka huohuo, Tajikistan ikavumilia mpaka Mei 1995.

Gerashchenko mwenyewe aliondoka baada ya Oktoba 11, 1994, siku rubli iliposhuka toka kama 3,081 mpaka 3,926 kwa dola. Halafu Septemba 1998, uchumi umeshaanguka tena, wakamrudisha! Wachumi kibao wakajua sasa noti zitaprintiwa usiku na mchana. Hazikuprintiwa hivyo, mfumuko wa 1999 ukawa kama asilimia 36, chini ya nusu ya mwaka uliotangulia. Ni mtu yuleyule, ila safari hii ile rubli ya watu 15 haipo, sheria ya 1995 inamzuia kuziba pengo la bajeti hivihivi, na wale wakurugenzi wa viwanda bungeni hawana tena sauti ya 1992.