Chui Milia wa India: Sikiliza Kwanza, Kisha Tazama

Swali tunaloulizwa zaidi na watu wanaojiandaa kwenda India, awe mwanafunzi anayekwenda Pune au mtu aliyemsindikiza mgonjwa Chennai akabakiwa na siku mbili tatu mkononi, ni hili: "Nikilipa, nitamwona?" Unacholipia ni kibali cha kuingia msituni. Chui milia hayumo kwenye risiti.

Kinachotuangusha sisi watu wa Afrika Mashariki ni mazoea. Tumelelewa na Serengeti na Masai Mara: nyasi fupi, jicho linafika mbali, simba wamelala kundi zima chini ya mti mmoja, na dereva amepewa habari na wenzake kwenye redio kabla hujamaliza chai. Kanha, Bandhavgarh, Pench na Tadoba, hifadhi mashuhuri za katikati ya India, ni nchi ya misitu. Kuna miti ya sal, kuna mitiki, kuna mianzi iliyosongamana, na barabara ni ya vumbi, nyembamba. Isitoshe, chui milia hutembea peke yake, isipokuwa jike mwenye watoto. Anaweza kuwa amelala hatua thelathini kutoka kwenye gari lako na usimwone hata sikio.

Ndiyo maana waongoza watalii wa huko hutanguliza masikio. Wanaowapa habari ni wale wanaowindwa.

Wa kwanza ni chital, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye madoa meupe, ambaye utamwona mpaka umchoke. Akishtuka hutoa mlio mkali, mfupi, wa juu. Tatizo lake ni woga: hupiga kelele kwa chui wa kawaida, kwa mbwa mwitu wa Asia, na pengine kwa kitu alichokidhania tu. Mlio mmoja wa chital dereva mzoefu huusikia akaendelea na safari yake. Juu ya mti yuko langur, tumbili mwenye uso mweusi na mkia mrefu, wa ukoo mmoja na mbega wetu. Hawa wawili wana ushirika wao: langur akila huangusha majani na matunda, chital huyaokota chini, na aliye juu huona mbali kuliko aliye chini. Langur akimwona adui hukohoa kwa nguvu, "kho! kho!", tena na tena. Hapo usimwangalie yeye kwa ajili ya picha, angalia uso wake umeelekea wapi. Yeye hakodolei macho mahali pasipo na kitu.

Halafu yuko sambar, naye wa jamii ya kulungu. Ni mkubwa, rangi ya udongo, hupenda vichaka vizito. Mlio wake ni mzito na wa ghafla kama honi ya lori, na hautoi ovyo. Sambar akilia mfululizo, mkia umesimama, mguu wa mbele unapigapiga ardhi, mwongoza watalii atamgusa dereva begani na injini itazimwa. Sasa kazi ni kukaa kimya. Milio ikihama, tuseme ilianzia bondeni na sasa inatoka karibu na barabara, ujue chui milia anatembea na unaweza kukisia atatokea wapi. Ikikatika ghafla, huenda amelala, au wanaomtazama wamempoteza. Watalii wengi huharibu dakika hizi kwa kusema "twende kwingine". Sisi tungewashauri wasubiri angalau robo saa.

Alfajiri kuna gazeti jingine la kusoma: vumbi. Chui milia hupenda kutembea barabarani usiku, maana nyayo zake ni laini na miiba haipendezi kwa mtu yeyote. Alama ni vidole vinne bila kucha. Ya dume ni pana na ya mraba, ya jike ni ndefu kidogo. Ikiwa unyayo umekanyaga juu ya alama za matairi ya jana jioni, amepita usiku. Ikiwa matairi yamepita juu ya unyayo, habari hiyo ni ya zamani. Mara nyingine utaambiwa unuse shina la mti. Usicheke. Majimaji anayoyarusha kuweka mipaka ya eneo lake yana kemikali ileile inayoupa mchele wa basmati harufu yake, na ikiwa bado mbichi utaitambua.

Sasa kuhusu kibali, ambako watu wengi hukwama. Kila geti lina idadi yake ya magari kwa asubuhi na kwa jioni, na msitu umegawanywa kanda. Ukipewa kanda moja huruhusiwi kuingia nyingine hata kama chui milia ameonekana ng'ambo ya kijito. Hili huwaudhi wageni waliozoea gari kuzunguka hifadhi nzima. Lakini ulizeni kwa nini limewekwa.

India ilianzisha mradi wake wa kuwalinda chui milia mwaka 1973, ikianza na hifadhi 9. Watu wakaamini kazi imekwisha. Mwaka 2005 ikathibitika kwamba katika hifadhi ya Sariska, jimbo la Rajasthan, hakubaki hata mmoja. Majangili walikuwa wamewamaliza huku makaratasi yakionyesha wapo. Aibu ile ndiyo iliyozaa mamlaka ya taifa ya uhifadhi wa chui milia na namna mpya ya kuhesabu, kwa kamera zinazojipiga zenyewe porini, kwa kuwa hakuna wawili wenye milia inayofanana. Hesabu ya 2006 ilitoa makadirio ya chui milia 1,411 nchi nzima. Ya 2022 ilitoa 3,682, takriban robo tatu ya wote walioko porini duniani. Mwaka 2025 hifadhi zilifika 58. Sariska yenyewe ilirudishiwa wanyama kuanzia 2008. Wa kwanza aliletwa kwa helikopta kutoka Ranthambore, hifadhi nyingine ya Rajasthan.

Utalii nao ulipelekwa mahakamani. Julai 2012 Mahakama ya Juu kabisa ya India ilisimamisha utalii katika maeneo ya ndani ya hifadhi hizi, na ilipoufungua tena Oktoba mwaka huohuo, ulikuja na masharti: watalii wasitumie zaidi ya asilimia 20 ya eneo la ndani, na gari likae angalau mita 20 kutoka kwa mnyama. Kanda na idadi za magari unazokutana nazo getini zinafungamana na masharti hayo. Kwa maoni yetu ni utaratibu mzuri, na wapo wasimamizi wa hifadhi za kwetu ambao wangefaidika kuutazama, hasa msimu wa nyumbu kuvuka mto.

Masharti hayo huvunjwa, tusidanganyane. Na mara nyingi chanzo ni bakshishi. Mgeni akimwambia dereva kwamba atampa kitu akimwonyesha chui milia, amemtuma akimbize gari, azibe njia ya mnyama, abanane na wenzake kumi. Toa bakshishi yako mwishoni, kiasi kilekile, umeona au hukuona.

Jambo la watu wa pembezoni halimo kwenye vipeperushi vya utalii. Familia za Wabaiga na Wagond, makabila ya wenyeji wa misitu hii, zilihamishwa kutoka Kanha ili msitu ubaki mtupu, na mvutano kuhusu haki zao haujaisha. Msomaji wa kwetu hahitaji kufafanuliwa zaidi. Waliobaki kandokando ndio wanaokutana na chui milia kwa miguu. Mwezi Machi na Aprili hutoka alfajiri kuokota maua ya mti wa mahua yaliyodondoka usiku. Mei huchuma majani ya mti wa tendu ya kusokotea sigara za bidi. Kazi zote mbili ni za kuinama, na mtu aliyeinama kichakani hafanani tena na mtu machoni pa mnyama. Wilaya ya Chandrapur, iliko Tadoba, imezika wengi kwa njia hiyo. Mtalii aliye ndani ya gari, kwa kulinganisha, yuko salama sana.

Kwa anayepanga sasa: maeneo ya ndani ya hifadhi za jimbo la Madhya Pradesh hufungwa kuanzia Julai 1 hadi Septemba 30 kwa mvua, na Jumatano jioni hakuna safari, Tadoba hupumzika Jumanne. Aprili hadi Juni ndio wakati mzuri wa kuona, kwani maji ni machache na chui milia hujilaza madimbwini, ila joto hupita nyuzi 40. Desemba na Januari asubuhi ya Kanha huwa na baridi ya kuganda umande, na gari ni la wazi, halina paa. Vaa kofia na glovu. Weka nafasi miezi kadhaa mapema, nunua safari tatu au nne katika geti moja badala ya kuzitawanya hifadhi mbalimbali, na andika namba ya pasipoti bila kukosea. Getini wataitaka pasipoti yenyewe uliyosajilia, na kibali cha mtu mwingine hakikufai.