Haibridi ni gari ya aina gani, na gharama yake iko wapi

"Hii unaichaji wapi?" Kila mwenye Prius au Aqua hapa Unguja keshaulizwa suali hilo, na jawabu ni kwamba haichajiwi popote. Inatiwa petroli kama gari nyengine, na umeme inajitengenezea yenyewe.

Haibridi ni chotara. Ndani yake mna injini ya petroli na mota ya umeme, na kompyuta ndiyo inayoamua nani asukume gari wakati gani. Ukiondoka taratibu, mara nyingi mota hufanya kazi peke yake na injini imezima. Ukiongeza mwendo au ukipanda kilima, injini inawaka kusaidia. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta: nguvu ambayo kwenye gari ya kawaida huishia kuwa joto la breki, hapa inarudishwa kwenye betri kubwa iliyo nyuma. Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani Disemba 1997, na Aqua ikafuata Disemba 2011, kwa hiyo nyingi tunazoziona zikishuka bandarini zimeshatumika miaka mingi kwa watu wengine.

Kutokana na maelezo hayo utaona kwa nini haibridi inapenda mjini. Kutoka Darajani hadi Mwanakwerekwe, nyuma ya daladala inayosimama kila hatua, kila breki ni akiba. Anayekwenda Nungwi kila siku kwa mwendo mmoja naye anaokoa mafuta, lakini si kwa kiasi kile, kwa sababu njiani breki anazikanyaga mara chache.

Sasa tupige hesabu, kwa mfano tu. Tuseme unatembea kilomita 12,000 kwa mwaka. Gari ya kawaida inayokwenda kilomita 12 kwa lita itakunywa lita 1,000. Haibridi inayokwenda kilomita 20 itakunywa lita 600. Umeokoa lita 400. Lita ikiwa shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Ni fedha nzuri. Lakini betri kubwa ikikufia na kuibadilisha kukagharimu, tuseme, milioni tatu, basi akiba ya miaka miwili na nusu imekwenda siku moja. Hii ndiyo maana ya gharama ya umiliki: bei uliyomlipa muuzaji, ukaongeza mafuta, matengenezo, na lile tengenezo kubwa ambalo halijafika lakini liko njiani. Wengi wetu tunahesabu la kwanza tu, na mimi naliona hilo ndilo kosa letu kubwa.

Nisieleweke kwamba gari hizi ni mbovu. Kwa upande wa mashine, haibridi za Toyota zina mengi ambayo hayawezi kuharibika kwa sababu hayamo kabisa. Hazina stata. Hazina dainamo. Hazina klachi, na gia zake hazina mkanda wa kukatika. Pedi za breki hudumu muda mrefu kwa kuwa mota inabeba sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo. Udhaifu unaojulikana ni wa Prius ya mwaka 2009 hadi 2015, ile ya injini ya lita 1.8: baadhi yake hupasua gasketi ya hedi, yaani kile kizibo kinachozuia maji yasiingie ndani ya injini. Ikiwashwa asubuhi ikatetemeka sana kwa sekunde chache, na maji ya rejeta yakawa yanapungua bila kuvuja, usiinunue.

Betri ndiyo habari yenyewe. Ya Prius za mwaka 2003 hadi 2015 ni pakiti 28 za nikeli zilizofungwa pamoja, zikitoa volti 201.6, ya Aqua za mwanzo ni pakiti 20, volti 144. Pakiti moja ikidhoofika, zote zinaonekana zimekufa. Wapo mafundi wanaotoa ile mbovu wakatia nyengine iliyotumika, na gari inatembea. Lakini zilizobaki zina umri ule ule, na baada ya miezi kadhaa nyengine inafuata. Ni dawa ya kuvukia tu.

Kinachoiua betri ni umri, na zaidi ya umri ni joto. Huko Marekani, kwa gari za miaka hiyo, Toyota ilikuwa ikiidhamini miaka 8 au maili 100,000, yaani kama kilomita 160,000. Dhamana hiyo haivuki bahari pamoja na gari. Na kisiwa chetu kina jua la kaskazi, kina vumbi la kifusi, kina mchanga wa pwani unaoingia na miguu ya watoto. Betri inapozwa na feni ndogo inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Shemeji yangu aliambiwa na fundi kwamba betri yake imekwisha na atafute mpya. Fundi wa pili alifungua lile tundu akatoa donge la vumbi na nyuzi za majamvi. Feni ikasafishwa, taa ya onyo ikafutwa, na gari mpaka leo inatembea. Basi kikapu cha soko kisizibe tundu lile, na kiyoyozi usikionee choyo mchana wa jua, kwani hewa unayoipumua wewe ndiyo anayoipumua betri.

Kabla ya kununua, iendeshe nusu saa mjini, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, ukitazama mistari ya betri kwenye kioo cha dashibodi. Ikijaa haraka na kumalizika haraka, betri imechoka. Kisha mtafute fundi mwenye kompyuta akusomee volti za kila fungu la pakiti. Kwenye betri isiyo mbovu zinakaribiana, na fungu moja likianguka peke yake umeshajua bei halisi ya gari. Zile nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme wa betri kubwa, asiziguse mtu asiyezijua, zinaua. Inama pia utazame kutu chini.

Kwa ndugu zetu wa Pemba kuna la kuongeza: kipuri kisichopatikana Chake Chake kinangojewa kije kwa meli, na siku za kungoja gari imelala nazo ni gharama. Na siku haibridi isipowaka kabisa, usikimbilie kulilia betri kubwa. Ipo betri ndogo ya volti 12, kama ya gari yoyote, kwenye Prius za hadi 2015 imekaa ndani ya buti. Hiyo ikifa, kompyuta haiamki na gari inakuwa kama maiti. Ipime hiyo mwanzo.